Rangi ya Maji Juu ya Rangi ya Mafuta

Brashi alikuwa ameshaandika MGOMBEA WETU kabla ya kura kupigwa, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Mtu mwenye akili zake timamu angesubiri matokeo. Lakini yeye alipanda ngazi kwenye ukuta wa ghala unaotazama soko, ukuta mrefu kuliko yote katika kata nzima, akachora uso wa dada yake kwa rangi ya mafuta, ile nzito inayong'aa, na chini yake akaweka maneno hayo mawili kwa herufi ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma akiwa upande wa pili wa soko.

"Bado hajapitishwa," mkewe alimwambia akiwa ameishika ngazi. "Chama hakijapiga kura za maoni, wewe umeshamtangaza."

"Mama Pacha, nani wa kumshinda? Nitajie mmoja tu."

Mama Pacha alifikiri, akashindwa kumtaja. Akaendelea kushika ngazi.

Tusimcheke sana. Wazazi wa Brashi walifariki yeye akiwa na miaka saba, na dada yake akiwa na kumi na tisa, ndio kwanza ameingia chuo cha ukunga. Dada alimchukua, akaishi naye katika chumba kimoja nyuma ya zahanati, akamlisha, akamsomesha hadi pale kichwa chake kilipokubali kusoma. Siku mganga mkuu alipotaka namba ziandikwe kwenye milango, Dada alimpa mdogo wake kopo la rangi. Akaandika moja, akaandika mbili, na tatu akaiandika imegeuka, tumbo limeangalia kushoto. Mganga mkuu alitaka ifutwe. Dada alisimama mlangoni na koti lake la kazi akasema haifutwi, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtoto huyo. Haikufutwa. Hadi leo wagonjwa wa kata ile wanaelekezwa kwenda chumba namba tatu iliyogeuka, na hakuna anayepotea.

Kutoka kwenye milango alihamia kwenye vibao vya vinyozi, kutoka vinyozi kwenda kuta za shule, na akiwa na miaka arobaini hapakuwa na fundi wa rangi aliyemfikia. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikumbukwa na watu wawili, yeye na dada yake. Wengine wote walimwita Brashi. Alikuwa fundi mwenye msimamo wa kuudhi. Aliwahi kumwacha mwenye baa akisubiri wiki nzima kwa sababu plasta ya ukuta haijakauka sawasawa, na mwenye baa alipofoka, Brashi alikunja ngazi yake akamwambia atafute mtu wa kupaka chokaa.

Na Dada Mkunga naye alikuwa Dada Mkunga. Katika kata ile, ukimwona mtu wa chini ya miaka ishirini na mitano, mikono ya kwanza kumshika duniani huenda ilikuwa ya kwake. Aliingia kwenye siasa kwa ajili ya jambo moja, wodi ya wazazi. Zahanati ilikuwa na vitanda vitatu vya kujifungulia, na kuna siku wanawake sita walilala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, wote na uchungu. Alizunguka ofisi mpaka viatu vikaisha visigino. Mwisho akasema, kama diwani ndiye anayesikilizwa, basi acha niwe diwani.

Aliyeshindana naye ndani ya chama alikuwa mwuza mchanga na kokoto, mwenye malori mawili na masikio makubwa, mtu wa maneno machache. Watu walimwita Kokoto. Brashi hakuwa na ugomvi naye. Hakuwa tu amewahi kumtazama kama mtu wa kushindana na dada yake.

Siku ya kura Brashi alikaa mstari wa mbele katika ukumbi wa shule, shati limepigwa pasi, mikono tayari kwa kupiga makofi. Katibu wa kata alisimama na karatasi yake, akakohoa.

"Mkunga, kura mia moja arobaini na nane. Kokoto, mia mbili na tisa."

Brashi alipiga makofi. Ndiyo, alipiga, mara mbili, kwa sababu masikio yalisikia jina la dada yake kwanza na mikono haikungoja kilichofuata. Kisha mikono ikabaki hewani. Alimgeukia jirani yake, mwuza nyanya ambaye Dada alimzalisha watoto wanne, mmoja wao akiwa ametanguliza miguu.

"Amesema ngapi?"

Mwuza nyanya alikuwa anakagua kamba za viatu vyake.

"Nimekuuliza, amesema ngapi?"

"Mia mbili na tisa," mwuza nyanya alisema kwa sauti ya chini. "Usinitazame hivyo, Brashi. Malori yake ndiyo yamemwaga kifusi kwenye barabara yetu. Tunapita mvua zikinyesha."

Brashi aligeuka kutazama ukumbi. Watu aliokuwa amewahesabu kuwa wa kwao, watu walioapa mbele yake huku wakinywa chai yake, wote ghafla walikuwa na shughuli na viatu vyao. Na kabla hajapata pumzi, likaja la pili. Dada yake alinyanyuka, akaenda mbele, akamshika Kokoto mkono akauinua juu.

"Nimeshindwa," Dada alisema kwenye kipaza sauti. "Mgombea wetu ni huyu. Nimemwomba jambo moja, na nataka alijibu mbele yenu. Wodi ya wazazi itakuwa kazi ya kwanza?"

Kokoto aliinama kwenye kipaza sauti. "Itakuwa ya kwanza."

"Basi mimi niko naye. Na anayenipenda mimi, awe naye."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Brashi peke yake alibaki kinywa wazi.

Jioni ile Brashi alimkuta Dada nyumbani kwake, ameketi kwenye kigoda, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto kama kawaida yake akitoka zamu. Brashi hakukaa.

"Dada, umewezaje?"

"Nimewezaje nini?"

"Kumshika mkono! Mtu amekunyang'anya kiti chako, unamshika mkono, unacheka!"

"Sikucheka. Nilionyesha meno." Alisogeza mguu ndani ya beseni. "Unataka kujua kama nimeumia? Nimeumia, mdogo wangu. Nimelia pale kwenye choo cha shule mpaka mwalimu mmoja akagonga mlango akiuliza nani anaumwa. Halafu nikanawa uso nikatoka."

"Basi tuhame. Chama cha pili watakupokea hata kesho."

"Nihamie niseme nini? Kwamba wodi niliitaka nikiwa mimi, na nisipokuwa mimi wanawake waendelee kulala mzungu wa nne?" Alimkazia macho. "Nimeingia kwenye kura nikijua kuna kushinda na kushindwa. Nimetoa neno langu mbele ya watu. Sina mali, sina lori. Nina hilo neno tu, na Kokoto ameahidi kwa sababu ya hilo neno. Siku watu wakiliona la uongo, na ahadi ya wodi imekwenda."

Brashi aligeukia mlango.

"Kuna kitu kingine," Dada alisema. "Ule ukuta. Nataka unifute wewe. Akipanda fundi mwingine kunifuta, watasema familia imesusa."

Brashi alimwambia sawa, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje kwa muda akitazama mikono yake. Hasira haikuwa imemtoka hata kidogo. Ilikuwa imerudi ndani tu, ikatulia mahali ambapo hata yeye hakuwa akipaona.

Alhamisi Katibu alimletea ndoo mbili za rangi ya maji na picha ya paspoti ya Kokoto. Viongozi wa juu wa chama wangekuja Jumamosi saa nane, na mkutano ungefanyika pale sokoni, ukuta ukiwa nyuma ya jukwaa.

"Chini kuna rangi ya mafuta," Brashi alisema.

"Kwa hiyo?"

"Lazima isuguliwe kwa msasa kwanza, ipakwe rangi ya msingi, ndipo nyingine ije juu. Siku mbili."

"Fundi, siku mbili huna. Wewe ziba tu."

Sasa, Brashi tunayemjua, yule wa kukunja ngazi mbele ya mwenye baa, angefunga ndoo zile akamrudishia Katibu. Au angekwenda na msasa, asugue usiku kucha akilalamika. Msasa alikuwa nao, roli zima, ndani ya mkoba wake wa kazi. Siku ile Katibu aliposema ziba tu, Brashi alijibu "Sawa," akapanda ngazi.

Alianza na paji la uso la dada yake. Rangi ya maji iliteleza juu ya ule mng'ao, ikajikusanya, akaipitishia brashi tena mpaka ikakubali. Akayaziba macho. Akaziba mashavu. Pale mdomoni alichelewa kidogo. Dada ana mwanya katikati ya meno ya juu, na Brashi alikuwa ameuchora kwa brashi nyembamba kuliko zote alizonazo, akatumia asubuhi nzima. Akauziba. Juu yake akamchora Kokoto kutoka ile picha ya paspoti, masikio, kola, kila kitu, bila kosa na bila uhai. Maneno MGOMBEA WETU aliyaacha yalivyokuwa. Hayo yalikuwa bado sahihi, kwa nini aandike upya?

Kazi ikaisha Ijumaa mchana. Kokoto alipita na lori lake, akasimama, akatazama, akapunga mkono. Brashi naye akapunga.

Jumamosi asubuhi ilinyesha mvua ya saa nzima, mvua ya kishindo. Ilipokatika, Brashi alikuwa ndiyo anamimina chai. Mama Pacha aliingia mbio kutoka sokoni, kapu tupu mkononi, kanga imelowa mpaka magotini.

"Baba Pacha, twende."

"Kuna nini?"

"Usiniulize. Vaa viatu twende."

Brashi alitia mkoba wa kazi begani kwa mazoea, wakatoka. Alisikia vicheko kabla hajaona chochote. Soko zima lilikuwa limeupa mgongo ununuzi. Watu wamesimama na simu juu, wanapiga picha ukuta wa ghala. Brashi alipenya kati yao akafika mbele, akainua macho.

Rangi ya maji ilikuwa imevimba, ikapasuka, ikabanduka vipande vipande. Paji la uso la Kokoto lilikuwa linaning'inia. Shavu moja halikuwepo kabisa. Na kutoka chini yake, safi, yanang'aa kwa maji ya mvua, yalikuwa yanatazama soko macho mawili ya Dada Mkunga. Mdomo wake nao ulikuwa wazi, mwanya na kila kitu, kati ya masikio mawili makubwa ya mwanamume. Chini kabisa, bila doa, herufi zilizosomeka hata kwa asiye na miwani: MGOMBEA WETU.

Gari la matangazo la chama cha pili lilikuwa limeshafika. "Wananchi, njooni muone chama chenye wagombea wawili kwenye shingo moja!" Watu walishika mbavu.

Katibu alifika anahema, shati limetoka kwenye suruali. "Hujuma!" alipiga kelele. "Hii ni hujuma! Dada mtu jukwaani anasema niko naye, ndugu mtu ukutani anamrudisha kwa mlango wa nyuma! Leo leo jina lake linakatwa chamani!"

"Mwache dada yangu," Brashi alisema, lakini sauti ilimtoka ndogo, akashangaa kuisikia.

Kokoto alikuwa nyuma ya Katibu. Hakupiga kelele. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akajishika sikio moja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake.

"Nilimwamini," alisema. "Ule mkono aliouinua, niliuamini kweli. Basi na yale ya wodi tuyasahau. Siwezi kujenga kitu na mtu mwenye ndimi mbili."

Hapo ndipo Brashi alipoingiza mkono kwenye mkoba wake, pengine kutafuta kitambaa cha kujifutia jasho, akakutana na roli la msasa. Bado lilikuwa kwenye nailoni yake. Hata hakuwa amelifungua. Alilitoa akalitazama, na mshtuko alioupata haukuwa wa mvua, wala wa vicheko, wala wa Katibu. Alikuwa amejijua miaka yote kama mtu asiyeweza kupaka rangi ukuta ambao haujawa tayari. Na ameupaka.

Umati ulipasuka katikati. Dada Mkunga alikuwa anatoka zamu, bado na gauni jeupe la kazi, kalamu mfukoni. Alikuwa ameambiwa njiani, ilionekana, lakini kuambiwa si kuona. Aliposimama mbele ya uso wake mwenyewe uliochanganyika na wa Kokoto, alishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mwanamke aliyeletewa habari ya msiba.

"Mungu wangu," alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake. Kelele zilipungua, maana kila mtu alitaka kusikia. "Mimi siijui kazi ya rangi. Wewe unaijua. Ulijua itabanduka?"

Hapa Brashi alikuwa na njia. Angesema Katibu alimharakisha, na ingekuwa kweli. Angesema mvua, na hiyo nayo ni kweli. Katibu mwenyewe alikuwa ameanza kutazama pembeni. Lakini yule aliyekuwa anauliza ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati, na hajawahi kumdanganya akafanikiwa.

"Nilijua, Dada."

Mama Pacha alisema "Yesu!" akaziba mdomo.

"Sikupanga," Brashi alisema. "Naapa sikukaa nikapanga. Lakini msasa nilikuwa nao, na nilijua, na mkono wangu haukuutoa. Niliumia sana ulivyoshindwa. Nilitaka..." Akamgeukia Kokoto, machozi yanamtiririka mbele ya soko zima, fundi mzima wa miaka arobaini. "Yeye hajui kitu. Aliniambia nimfute, nimfute mimi mwenyewe, ili watu waone tumekubali. Mkitaka kukata jina, kateni la kwangu. Neno lake ni kweli. Kazi yangu ndiyo ya uongo."

Kokoto alimtazama Brashi, akamtazama mkunga. Hakuna aliyecheka tena. Hata lile gari la matangazo lilikuwa limenyamaza.

Dada hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea. Alitoa kalamu mfukoni akampa Mama Pacha. "Wifi, nishikie." Akachukua roli la msasa mkononi mwa Brashi, akalichana nailoni kwa meno, akakata kipande. Kisha akapanda ngazi iliyoachwa pale ukutani tangu Ijumaa, na gauni lake jeupe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyekesha na wazazi watatu, akaanza kuyasugua macho yake.

Msasa ulilia juu ya ukuta. Vumbi la rangi lilimwangukia kwenye nywele. Kisha ngazi ikayumba, na aliyeruka kuishika alikuwa Kokoto.

"Dada Mkunga, shuka. Inatosha."

"Haijatosha."

"Nimeshaelewa. Wodi iko palepale. Shuka."

"Wewe umeelewa," Dada alisema bila kugeuka. "Hawa walionipiga picha, bado."

Basi Kokoto akakaa pale pale, ameishika ngazi kwa mikono miwili, akipokea vumbi usoni. Brashi aliazima ngazi nyingine ghalani, akapanda na skrepa ya kukwangulia rangi. Jua lilitoka likaanza kukausha plasta. Mwuza nyanya alileta matambara bila kuombwa, akayaacha chini ya ngazi akaondoka haraka. Walisugua mpaka paji likawa la kijivu, mashavu yakawa ya kijivu, macho hayapo. Ilipokaribia saa sita kilichobaki cha Dada Mkunga kwenye ukuta ule kilikuwa ni mdomo.

Brashi alifika hapo na mkono wake ukasimama. Ule mwanya ulikuwa mbele ya macho yake, wembamba ule ule, asubuhi nzima ya kazi.

"Maliza wewe, Dada. Hapo siwezi."

Dada alikuwa ameshashuka chini. Alikuwa anajifuta vumbi, macho mekundu, kwa vumbi au kwa jambo lingine.

"Ile tatu yako pale mlangoni niliikatalia isifutwe," alisema, "kwa sababu hukujua inavyoandikwa. Hii ulijua. Ifute."

Kokoto alikuwa bado ameshika ngazi, uso wake umeinuliwa juu. Kwa mara ya kwanza Brashi alimtazama vizuri, namna fundi anavyomtazama mtu anayetaka kumchora, na akaona kwamba ile picha ya paspoti haikuwa imempatia kabisa. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Alikuwa na uchovu machoni.

"Usitikisike, Mheshimiwa," Brashi alimwambia. "Nikimaliza hapa nakuja kwako."

Akakunja msasa mara mbili, akauweka juu ya meno ya dada yake, akasugua mpaka mwanya ukaisha.